Mgongo wa Ezekieli

Kama kuna kitu kilichomchosha Martina kuliko vumbi la Mkiwa, ni ndege za kivita. Alikuwa amezichora mpaka anaziota. Dereva wa lori anashuka pale njia panda, ananunua karanga, anakuja kibandani kwake na kusema, "Dada, niwekee ndege ya vita kwenye madigadi ya nyuma, ile inayotema moto." Ukimwuliza ndege ya nchi gani, hajui. Ameiona kwenye simu ikibomoa nyumba za watu wa mbali, na badala ya kuogopa kama mtu mwenye akili zake, anataka atembee nayo mpaka Kahama. Wenye bodaboda nao ni hivyo hivyo. Kinyozi mmoja wa Ikungi alitaka kifaru cha vita ukutani, pembeni ya vichwa vya mitindo ya nywele. Martina alimwuliza kifaru na kunyoa wapi na wapi, akajibiwa kwamba wateja wanapenda. Akachora, maana rangi alikuwa ameshainunua.

Alipoanza kazi hii watu walitaka simba, tai, au nyoka mkubwa mwenye macho mekundu wa kutisha wezi dukani. Angalau ile ilikuwa hofu ya kwao wenyewe. Siku hizi hata hofu inaagizwa kutoka nje kama mitumba.

Kuchora alijifundisha mwenyewe, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko la mama yake huko Ikungi. Alipigwa, akachora tena, akapigwa tena, mpaka mama akachoka yeye. Alipomaliza darasa la saba alimsaidia fundi mmoja kuandika majina ya maduka, na fundi yule alipohamia Itigi alimwachia brashi na makopo. Akaolewa Mkiwa na Chrispin, mkamua mafuta ya alizeti, mtu mpole ambaye ugomvi ukianza upande huu yeye hukumbuka kazi upande ule. Wakapata binti, Eliana, na tangu hapo ukweni wakamwita mama Eliana.

Ufundi wake ulikuwa na kilema kimoja, na alikijua kuliko wote waliomsema. Kilema chenyewe ni nyuso. Mashine yoyote angeichora hata akiwa anasinzia, lakini uso wa mtu, bila picha ya kutazamia, ulitoka uleule kila mara: kijana mwenye mashavu laini na nywele za panki, yule wa kwenye bango la kinyozi. Duka la dawa za mifugo lilimpa kazi ya kuchora mchungaji na ng'ombe wake. Ng'ombe walitoka wazuri, mtu ungetamani kuwakamua. Mchungaji alikuwa na panki.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuchora uso wa marehemu ambaye hakuacha picha hata moja. Na aliyempa kazi hiyo ni baba mkwe wake, mzee Damiani.

Mambo yalianzia msibani, Ilongero. Mzee Damiani alikwenda kumzika mama wa rafiki yake Ezekieli, kijana aliyeondoka naye kwenda vitani Kagera mwaka sabini na nane. Damiani alirudi. Ezekieli alizikwa hukohuko, na picha yake moja ya ujana, iliyokuwa imebandikwa ukutani kwa mama yake, ililiwa na mchwa hata kabla chozi halijakauka. Yule mama aliishi miaka yote hiyo bila kaburi la kutembelea wala karatasi ya kutazama. Siku ya mazishi, Marietha, dada yake Ezekieli, alilia akisema mama amekufa hajamwona mwanawe, na yeye mwenyewe atakufa hivyohivyo, maana sura ya kaka yake imeanza kumpotea.

Mtu mwingine angetoa pole akakaa. Mzee Damiani alisimama. "Marietha," akasema mbele ya watu wote, "ukimaliza kupura alizeti, uje Mkiwa. Utamwona kaka yako. Mkwe wangu ni fundi wa picha, atamweka ukutani kwangu." Watu wakaitikia kwa kichwa, wengine wakafuta machozi. Kuahidi akaahidi yeye. Kutimiza akamletea Martina, kwenye pikipiki, pamoja na kuku wa msibani.

"Si utachora tu," Chrispin alisema.

"Nitachora tu! Nitachora nini? Nimemwona wapi mimi huyo mtu?"

"Baba atakueleza." Kisha Chrispin akakumbuka kwamba mashine ya kukamua ina kazi, akaondoka.

Na hapo ndipo palipokuwa na balaa lenyewe. Nyumba ya mzee Damiani ilikuwa bado inashika heshima ya zamani. Mke wa mtoto hamkazii macho baba mkwe, hamtaji jina, na hambishii. Akimwamkia anainamisha uso. Akizungumza naye, anatazama pembeni. Haya yote yanawezekana kabisa ukiwa unampelekea mtu maji ya kunawa. Lakini hebu fikiria fundi asiyeruhusiwa kumbishia mteja, wala kumtazama usoni ajue kama amekubali au amechukia.

Wakapanga hivi: mzee anakaa kwenye kigoda chini ya paa la banda la kuni, Martina anasimama mbele yake akiutazama ukuta na kumpa mgongo. Maneno yote ya vita yakawa yanapita juu ya bega lake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama Eliana. Leo tuanze na kifaru."

Akapaka ukuta chokaa, akachora kifaru kwa mkaa, akakijaza rangi ya mafuta. Kilikuwa kizuri, maana alishachora vingi. Mzee akakitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Siyo hiki."

"Kipoje baba, nirekebishe?"

"Kile kilikuwa kinatisha."

Akakikuza. "Siyo." Akakiongezea moshi. "Siyo, mama Eliana. Kile ulikuwa hukioni. Ulikuwa unasikia ardhi inatetemeka tumboni mwako, halafu migomba inalala. Chora hivyo." Martina akauma mdomo. Akafuta kifaru alichokihangaikia asubuhi nzima, akachora migomba iliyolala. Wapita njia wakasimama, wakasema upepo wa Mkiwa kweli ni mkali.

Kisha likaja ziwa. Mzee alieleza jinsi walivyopakiwa melini Mwanza, vijana wa Singida waliozoea kuchota maji kwenye mashimo ya mtoni, na jinsi Ezekieli alivyoshika chuma cha meli, akatazama, akatazama, akauliza, "Damiani, haya yote ni ya nani?" Martina alipenda maneno hayo. Akachora ziwa kwa moyo wake wote, kwa bluu nzuri ya bei, akaweka na ndege wekundu wenye miguu mirefu kama wa ziwa Singidani.

"Hilo ni la hapa mjini," mzee akasema. "Umeliwekea ng'ambo. Lile halikuwa na ng'ambo."

"Maji yasiyo na ng'ambo yanachorwaje, baba?"

"Sasa mimi ni fundi?"

Chokaa tena. Kwa kuwa ukuta ulitazama barabara kuu, kila mtu alikuwa na la kwake. Peniel, mwendesha bodaboda ambaye hajawahi kuona vita isipokuwa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, alisimama kila siku kutoa ushauri. "Dada Martina, vita bila ndege ni vita? Weka na zile ndogo zisizo na rubani."

"Mwaka sabini na nane, Peniel?"

"Watu hawataangalia mwaka, wataangalia ndege."

Wazee nao walitaka nduli aliyevamia Kagera awepo, na awe na pembe, kama walivyomchora wao wakiwa shuleni wakati ule. Mama mmoja muuza vitunguu alitaka malaika. Mwalimu mstaafu aliona ramani ingefaa zaidi. Wajuzi walikuwa wengi kuliko waliopigana, na hakuna hata mmoja aliyeleta kopo la rangi. Martina aliwaitikia wote, "Sawa, nimesikia," kwa sauti ambayo mtu mwenye masikio angeondoka. Hakuna aliyeondoka.

Hayo yote, hata hivyo, yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa uso. Marietha hakuwa anatoka Ilongero kuja kuangalia migomba. Anakuja kumwona kaka yake. Martina akaanza. Akachora kijana mwenye kofia ya jeshi, taya imara, macho makali. Aliporudi nyuma kutazama, moyo ukamshuka. Peniel alikuwa ameshasimamisha pikipiki.

"Huyu namfahamu," akasema. "Ni yule wa saluni ya Ikungi. Mtindo namba tatu."

Alifuta. Akachora mwingine, akampa pua pana. Mtindo namba tatu mwenye pua pana. Akamwekea ndevu, akamzeesha, akamkondesha, na kila mara, chini ya ndevu na mikunjo, yule kijana wa mashavu laini alikuwa amejificha anamcheka. Mzee nyuma yake akawa na neno moja tu: "Siyo."

"Macho yake yalikuwaje baba?"

"Ya kawaida."

"Pua je?"

"Pua ya mtu."

"Alikuwa mweusi sana au maji ya kunde?"

"Alikuwa kijana wa watu tu, mama Eliana. Wewe endelea, utampata."

Jioni Martina alimwambia Chrispin kwamba baba yake atamtia wazimu, kwamba angeweza kuchora ng'ombe wa wilaya nzima, mmoja mmoja kwa jina lake, kwa taabu aliyoipata na huyu mtu mmoja. Chrispin akasema mzee ni mzee. Martina akamwuliza hayo ni maneno gani. Chrispin akamwuliza kama mboga zina chumvi.

Kisha Marietha akapiga simu. Alizeti imepurwa, Jumamosi anakuja. Alikuwa na sauti ya furaha kama msichana. "Mwambie fundi nimemwandalia kuku," alisema, na mzee Damiani akamjibu kwamba kila kitu kiko tayari. Martina alisikia jibu lile akiwa na brashi mkononi, mbele ya ukuta mweupe pe.

Siku iliyofuata alichora uso mpya kuanzia asubuhi. Jua lilikuwa kali, tina ya kuchanganyia rangi inamwasha puani, malori yanapita na kumwaga vumbi juu ya rangi mbichi. Akaweka mdomo, akaweka macho, akasubiri. Nyuma yake kigoda kikalia kidogo.

"Siyo," mzee akasema.

Hapo Martina akageuka. Hakupanga kugeuka. Miguu yenyewe ilimgeuza, na alipojitambua alikuwa anamtazama baba mkwe wake machoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku aliyoolewa, na sauti yake ilikuwa juu kiasi kwamba muuza vitunguu ng'ambo ya barabara aliacha kupima.

"Alikuwaje basi! Kila siku siyo, siyo, siyo! Wewe ulimwona huyo Ezekieli, au hukumwona?"

Mzee Damiani ndiye aliyeinamisha uso. Alitazama vidole vya miguu yake. Mkono wake ulikuwa unatafuta fimbo ambayo ilikuwa palepale karibu naye, na haukuipata.

"Sikumbuki uso wake," akasema.

Martina akashusha brashi.

"Nimeusahau zamani. Sijui uliondoka lini. Nilidhani ukichora, utanirudia. Ningesemaje pale msibani mbele ya jeneza la mama yake? Kwamba mwanao nimemsahau? Tulikuwa tunatembea kwa mstari, mama Eliana. Yeye mbele, mimi nyuma yake. Miezi. Ukimpoteza aliye mbele yako umepotea wewe. Usiku ukiingia sina kitu kingine cha kutazama duniani, ni kile kisogo. Na siku alipoanguka nilikuwa nyuma yake vilevile. Alianguka kifudifudi. Walimfunika hivyohivyo. Nikifumba macho ninamwona. Lakini amenipa mgongo. Kama wewe unavyonipa hapo kila siku."

Hasira ilikuwa bado imejaa kifuani kwa Martina, lakini sasa haikuwa na pa kwenda. Aliona aibu, na aliona huruma, na juu ya vyote aliona uchungu wa kazi: makopo yote yale ya rangi, na kumbe mzee alikuwa na picha kamili kichwani muda wote, ila aliona haya kuisema kwa kuwa haikuwa na uso.

"Baba," akasema taratibu, "mgongo ulikuwaje?"

"Geukia ukuta wako kwanza. Ukinitazama siwezi."

Akageuka. Mzee akaanza kusema, na safari hii hakukuwa na "siyo" hata moja. Ezekieli alikuwa na bega la kushoto lililoshuka. Shingo yake ilikuwa ndefu, ina mkunjo mmoja. Sikio la kulia lilikuwa na kipande kilichotoka. Alifunga sufuria ndogo kwenye mzigo wake, akakataa kuiacha hata walipoamriwa kupunguza vitu, na ndiyo iliyokuwa ikigonga gongo, gongo, usiku, Damiani anaifuata. Visigino vya buti vimelika kwa nje. Na bunduki hakuibeba kama askari. Aliilaza juu ya mabega nyuma ya shingo, akaning'iniza mikono yote miwili juu yake, kama mchungaji anavyobeba fimbo akiwa nyuma ya ng'ombe. "Afande alimgombeza mpaka akachoka yeye," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Anaishusha. Ukifumba na kufumbua, imerudi mabegani."

Martina alichora. Mgongo haukumsumbua. Migongo ya wachungaji alikuwa amekua akiitazama, ukisema mchungaji wa Singida mkono wake unajua wenyewe bega linakaaje. Akaufuta uso ule, na hakuweka ndege ya Peniel, wala moshi, wala pembe za nduli. Akaweka tu njia nyekundu, migomba iliyolala huku na huku, na juu yake anga kubwa lisilo na ng'ambo. Katikati ya njia, kijana anakwenda.

Walimwengu wakaja kukagua. "Mbona amewapa watu mgongo?" wakauliza. Peniel akamwambia kwa huruma kabisa, "Dada, umesahau upande wa mbele." Chrispin naye akanong'ona jikoni kwamba watu watasema ameshindwa uso.

"Nimeshindwa," Martina akamjibu. "Waambie nimeshindwa, wakanywe maji." Lakini usingizi wake haukuwa mzuri. Mama wa watu ameahidiwa kumwona kaka yake, anakuja kuonyeshwa kisogo.

Jumamosi Marietha akashuka kwenye basi, mwembamba, kanga mbili mpya, kuku mmoja kwapani na dumu la mafuta mkononi. Martina akapiga goti akamwamkia, akapokea kuku. Mzee Damiani alikuwa amevaa koti. Alijaribu kueleza. "Marietha mdogo wangu, kuna jambo," akaanza, lakini Marietha alikuwa ameshampita, ameshafika ukutani.

Akasimama. Hata Peniel alizima pikipiki.

"Sikio siyo hilo," Marietha akasema.

Martina alifumba macho. Alitaka kuchukua kopo la chokaa alimwage kichwani, ama kwake mwenyewe ama kwa mzee.

"Lilikuwa la kulia," mzee Damiani akasema kwa sauti ndogo. "Nimelitazama miezi."

"La kushoto! Utanifundisha mimi? Mimi ndiye niliyemng'ata. Tuligombania mua." Marietha alisogea, akaweka kiganja juu ya bega lililoshuka, akakitoa haraka kana kwamba ukuta una moto, akakirudisha. Akakipitisha juu ya shingo, juu ya mikono iliyoning'inia kwenye bunduki. "Na hii tabia. Hii tabia, jamani! Mama alikuwa akimpigia kelele kutwa, shusha fimbo hiyo, ng'ombe wanaingia kwenye mtama wa watu wewe umening'inia hapo. Haskii. Mkaidi. Siku ile anaondoka, begi mgongoni, sufuria ya mama ameichukua bila kuomba, mama akamwita kutoka mlangoni. Akamwita mpaka akafika kwenye kona kule. Hakugeuka."

Akarudi nyuma hatua chache, akajifunga kanga kiunoni, kama mtu anayekwenda kugomba kweli.

"Ezekieli!" akaita. "We Ezekieli! Nakuita!"

Lori likapita, vumbi likatanda, likashuka. Mzee Damiani alikuwa amevua kofia. Marietha alisubiri, mikono kiunoni, machozi yanamtoka na uso umekunjamana kwa hasira. Na Martina, aliyemchora yule kijana kwa mkono wake mwenyewe, anayejua kwamba upande wa mbele hakuna kitu ila tofali, akajikuta naye amesimama na kopo mkononi, anasubiri ageuke.